Kwa Nini Bondeni Hatumalizi Msumari

Kiangazi kilichopita nilimkuta kijana mmoja fundi yuko juu ya paa la nyumba ya Bi Zaina, huku Bondeni, Kilosa mjini. Anang'oa mabati. Nyumba yenyewe imeoga maji ya mto mara nyingi mpaka ukuta wa nyuma umelala chini na wa mbele unafikiria kumfuata mwenzake, ndiyo maana tulikubaliana tuokoe bati kabla hazijawahiwa na wajanja. Kijana akashika msumari, akauvuta kwa vidole viwili, ukatoka. Akavuta wa pili, nao ukatoka kama jino la mtoto. Akamwita mwenzake wa chini.

"Oya, njoo uone kichekesho! Fundi aliyepiga hili paa alikuwa mvivu au alikuwa mlevi? Misumari yote kaiacha nusu!"

"Labda alikumbuka ugali," mwenzake akajibu.

Wakacheka wee. Wa juu akageuka, akaniona nimesimama na fimbo yangu.

"Aa, shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo mlevi ni mimi. Shuka."

Akashuka. Niliyomwambia pale nimeona niwaandikie na nyinyi wengine mnaoshika nyundo na mwiko siku hizi, kwa sababu swali lenu ni moja hata mkilivalisha nguo tofauti. Mnauliza, "Hivi babu, nyie wazee mlikuwa hamna akili, mkaenda kujenga mtoni?" Akili tulikuwa nazo, wajukuu zangu. Kiwanja ndicho hatukuwa nacho.

Mimi ni Elia, fundi mwashi na seremala wa mapaa, Mkaguru wa milima ya Berega. Darasa la pili niliingia, la tatu nililiona dirishani. Kwa hiyo naandika taratibu, na herufi zangu zimepinda, lakini ukuta wangu haujapinda, na mwenye timazi aende akapime. Nimejenga Kilosa, nimejenga Mikumi, nimejenga Mvumi na Msowero. Kama umezaliwa wilaya hii, kuna uwezekano mkubwa umewahi kuegemea ukuta wangu ukimsubiri mchumba.

Niliteremka mjini nikiwa kijana, uhuru wenyewe ungali mbichi. Mtu wa mlimani akifika mahali pa tambarare, macho yake yanatafuta mwinuko, ni tabia. Nikaona upande wa juu kuna nyumba zenye baraza pana, miti imepangwa mstari, upepo unapita. Nikamwambia mwalimu wangu wa kazi, Fundi Ramadhani, "Mimi nitafute chumba kule."

Fundi Ramadhani alikuwa Msagara, Mwislamu wa swala tano, fundi wa mawe ambaye sijaona mwingine. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya rundo la mchanga.

"Kule ni Uzunguni, mwanangu. Mji huu ulipikwa kama sufuria ya wali. Juu kabisa wamekaa wazungu. Katikati, kwenye maduka karibu na stesheni, Wahindi. Chini kabisa ukoko, ndio sisi."

"Lakini ukoko mtamu, Fundi."

"Mtamu, ndiyo. Ila ndio unaoungua."

Yeye alikuwa amejenga kule juu enzi za Mwingereza. Mawe ya zile nyumba aliyachonga yeye na wenzake. Akaniambia siku moja alimwendea bwana mkubwa wa majengo, kofia mkononi, akamwuliza kama naye anaweza kupata kiwanja pembeni pale, ajenge nyumba kama hizo hizo alizokuwa akiwajengea. Bwana mkubwa hakusema "wewe mweusi huruhusiwi." Walikuwa na ustaarabu wa kusema vibaya kwa maneno mazuri. Alisema kule ni eneo la majengo ya namna ya kizungu.

"Nikamwambia, bwana, namna hiyo mimi ndiye ninayeijua. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mbuzi wake. Akasema, chini kuna eneo la majengo ya namna ya kienyeji, nenda kaombe kibali cha muda."

Shikeni hapo kwenye *muda*. Chini huku hukuruhusiwa kujenga jengo la kudumu. Kiwanja hakikuwa chako, ni ruhusa ya kukaa, na siku wakikitaka unaambiwa ondoa kibanda chako. Sasa wewe umehangaika kupasua madebe ya mafuta ya taa, umeyanyoosha kwa nyundo, umeezekea nyumba yako. Utayapigilia misumari mpaka mwisho, ili siku ya kufukuzwa uyararue? Huyapigilii. Unaacha kichwa cha msumari kimesimama, siku wakija unang'oa paa lako, unalibeba kichwani, unaondoka na heshima yako. Hapo ndipo ulipozaliwa msumari wa nusu. Mto ulikuja kuurithi tu.

Maana eneo lenyewe la namna ya kienyeji waliliweka wapi? Pale mto Mkondoa unapopenda kutembelea. Na kati ya sisi na Uzunguni waliacha uwanja mrefu mtupu, umeinuka vizuri, mkavu, hauna nyumba, hauna shamba. Nikamwuliza Fundi Ramadhani uwanja ule ni wa nini, wa gwaride?

"Wa mbu," akasema.

Nikajua ananichezea.

"Haki ya Mungu, Elia. Walisema mbu akitoka kumwuma Mwafrika akaenda kumwuma mzungu, mzungu anapata homa. Wakapima mbu anaweza kuruka umbali gani. Wakaacha uwanja ili mbu wetu akichoka njiani, afie hapo."

Tangu siku hiyo mimi na watu wote wa Bondeni tunauita Uwanja wa Mbu. Mpaka leo mtoto akifika pale anacheza mpira na hajui kwamba anacheza kwenye kaburi la mbu wa babu yake.

Sasa niwape kidogo ya kazi, maana najua mnasoma hivi mkisubiri nifike kwenye nyundo.

Nyumba ya Bondeni ina sheria zake. Kizingiti kinakuwa juu, mgeni ajikwae, maji nayo yajikwae. Mlango unaning'inizwa kwa bawaba za kunyanyua, unautoa kwa mikono miwili, na ukishautoa ni kitanda cha kuwekea watoto na unga. Kichanja kinafungwa juu ya kichwa cha mtu mzima. Msingi ni wa mawe mpaka magotini, na juu ya hapo nilikuwa napenda udongo na fito, kwa sababu ukuta wa udongo ukianguka unauchota na kuusimamisha tena, lakini ukuta wa tofali la saruji nyembamba ukianguka unakuua kwanza, halafu ndio unakusikitikia. Picha za ukutani zinatundikwa juu ya alama ya maji. Kuna bwana mmoja alitundika picha ya harusi yake chini ya alama, na mto ulipopita ukamchukua mke na kumwacha bwana. Mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Na msumari wa bati haupigwi hovyo. Utoboe bati, ushike papi, ule ubao wa chini yake, kiasi cha urefu wa ukucha, kichwa kibaki kinakutazama. Ukiuacha mrefu mno bati linapigapiga, ukiuzamisha mno hutaweza kuung'oa na maji yako mlangoni. Mkono wenyewe ndio unaojua.

Mto nao unasomwa. Msiangalie mawingu ya Kilosa, hayo hayana habari. Mvua inanyesha huko Mpwapwa, tunaoga sisi. Jua linaweza kuwa linawaka kabisa, umeanika mpunga, ukaona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yanabeba mabua na magome, na siafu wanahama mstari mmoja kupanda ukuta. Hapo usiulize mtu. Panda paa, ng'oa bati.

Mtaniuliza, upepo je? Paa la misumari nusu haliruki? Bondeni haliruki, kwa sababu tuta la reli limetukinga. Tuta lile lile ndilo linalotufungia maji yasitoke. Kila zawadi tuliyopewa huku ilikuja na mkia.

Basi mimi na akili yangu hiyo nikaitwa Mikumi. Mama mmoja alikuwa anajenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Alikuwa mnene wa mwili na wa sauti. Nikampigia paa safi, mstari umenyooka ungeweza kupigia rula. Mama akafurahi, akanichinjia kuku. Kuku yule ninamkumbuka kwa huruma mpaka leo.

Mikumi hakuna tuta. Upepo wa mbuga unatoka huko kwa wanyama haujazuiliwa na kitu. Adhuhuri moja ukaja, ukaingia chini ya bati zangu, nazo zikanyanyuka zote kwa pamoja kama ndege waliosikia kengele. Zikavuka barabara. Dereva mmoja wa lori akafunga breki, akashuka, akapiga ishara ya msalaba.

Mama akatoka amefunga kanga kifuani. "Fundi, paa langu liko wapi?"

"Lile kule, mama. Ila limekaliwa."

"Limekaliwa na nani?"

"Na nyani."

Kweli walikuwa wamelikalia, ukoo mzima, mkubwa wao akituangalia kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Mama hakunipiga, ila alinishika sikio, mimi mtu mzima mwenye mke, akanivuta hadi kwenye papi, akanionyesha tundu za misumari.

"Nani alikufundisha kazi hii ya kutania?"

"Mto Mkondoa, mama."

"Hapa kuna mto?"

"Hapana, mama."

"Basi piga mpaka mwisho!"

Wajukuu zangu, ilinishinda. Nilikuwa nikipiga, mkono unasimama wenyewe pale pale pa siku zote. Ilibidi nijitukane kila msumari. Ndipo nilipoelewa, juu ya paa la Mikumi, na nyani wakinicheka, kwamba kuna watu wanapigilia msumari bila hata kufikiri, kwa sababu hawajawahi kuambiwa waondoke wala kufuatwa na maji. Sisi tulikuwa tumerithishwa mguu mmoja ndani na mmoja nje, tukauita ufundi.

Mzungu akaondoka. Mkafundishwa shuleni kwamba mambo yakaisha. Lakini nyumba hazina miguu, mahali zilipopangwa ndipo zilipobaki. Zile za juu wakaingia wakubwa wetu wenyewe, na waliokuwa chini tukabaki chini tukizaliana, na ndugu waliokuja kutoka vijijini walijibana pale pale, kwa kuwa ndipo penye nafasi ya mnyonge. Uwanja wa Mbu ukabaki mtupu. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Umekuwa mtupu siku zote, basi unatakiwa uwe mtupu. Kila masika mbaya tulipanda pale na vyombo vyetu, tukalala chini ya maturubai, jua likitoka tunateremka kujenga tena. Makaburi yetu nayo yako juu, maana nani atazika majini? Kwa hiyo mtu wa Bondeni alihamia mwinukoni siku moja tu katika maisha yake, na siku hiyo alikuwa amebebwa.

Nyumba ya mwisho kabisa ya juu, ile inayopakana na Uwanja wa Mbu, anakaa Mzee Kapela. Mnyamwezi, baba yake alikuja na kazi ya reli, yeye naye akafanya reli mpaka akastaafu na suruali zake zenye mkunjo. Mbuzi wake ndio wenye Uwanja wa Mbu. Ni rafiki yangu, na kubwa zaidi ni mtani wangu. Nyinyi wa siku hizi mnadhani utani ni wa Simba na Yanga. Sisi Wakaguru na Wasagara tunataniana na Wanyamwezi tangu babu zao walipokuwa wakipita hapa na mizigo vichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana msibani, anaweza kuchukua kofia yako na kuivaa mbele yako, anaweza kuingia kwako akafunua chungu. Na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Hiyo ndiyo katiba yake, na hakuna aliyeiandika.

Masika iliyopita maji yalikuja asubuhi, watu wanakunywa uji. Bi Zaina ni binti wa Fundi Ramadhani, tumekua naye kama ndugu tangu siku nilipokuwa nalala kwenye ukumbi wa baba yake. Ni mjane, watoto wako Dar es Salaam, anauza vitumbua stesheni. Zamani angepanda paa mwenyewe kung'oa bati. Sasa magoti yamekataa, yangu pia. Tulisimama kwenye Uwanja wa Mbu tukautazama ukuta wake wa nyuma ukipiga magoti ndani ya maji, taratibu, kama ngamia.

Hakulia. Alisema, "Elia, mimi chini sirudi. Hapo nimejengewa na baba, nimejengewa na mume, nimejengewa na wewe. Na mto umewatafuna wote watatu. Mimi nikirudi tena, mtanitoa mkinibeba."

Na mimi nilijua si maneno ya hasira. Moyo wake usingestahimili masika nyingine. Huyu ni mtoto wa mtu aliyenipa mwiko mkononi, nikimwacha arudi chini nitamwambia nini babaye tukikutana?

Viwanja vilikuwapo mbali, njia ya kwenda Msowero. Vikavu, sikatai. Lakini kitumbua cha kutoka huko mpaka stesheni kinafika kimepoa na mwuzaji amechoka. Nikamwendea afisa mipango miji, binti mdogo, mkarimu, akanivutia kiti. Nikamwuliza kuhusu uwanja. Akaniambia kwenye ramani ni eneo la wazi, na kulibadilisha kunawezekana kama mkutano wa mtaa utakubali na majirani wanaopakana nalo wasipoweka pingamizi. Nikamsimulia habari ya mbu. Akacheka, kisha akaitazama tena ramani.

"Hilo tulifundishwa chuoni, babu. Sikutegemea nije nilikute kazini, lina mbuzi juu yake."

Jirani anayepakana ni mmoja. Nikaenda kwa Kapela, nikamkuta barazani na redio yake.

"Hapana," akasema kabla sijamaliza. "Mtajenga pale, mtachimba vyoo, maji yatatuama, mtaniletea mbu."

Mungu wangu! Nilicheka mpaka nikakohoa. Mnyamwezi mweusi tii, baba yake alilala Bondeni kwenye kambi ya reli, leo anawaogopa mbu wangu! Nikamwacha akidhani nimepatwa na kifafa.

Nilipomweleza Bi Zaina, hakucheka. Alifikiri akisugua kikaango chake.

"Kapela ni nani kwetu?"

"Mtani."

"Basi beba godoro."

Tukapanda. Yeye mbele na kikaango, mimi nyuma na godoro lililolowa linanichuruzikia shingoni, halafu kuku, bata na majike yao, mkeka, vyungu, na majirani kadhaa waliokuja kusaidia kubeba lakini kwa kweli walikuja kuona.

"Hodi, Mnyamwezi!"

"Karibu... Hee! Nini hiki?"

"Sisi mbu," Bi Zaina akasema. "Tumeona usisumbuke kutungoja, tumekuja wenyewe."

"Zaina, teremsha bata wako kwenye kiti changu!"

"Mtani anafukuzwa? Haya, fukuza, watu waone. Babu yako alipopita hapa na pembe ya ndovu kichwani, ulimi unaning'inia, nani alimpa maji? Si Wasagara? Tungejua mna uchoyo hivi tungempa ya mto."

Kapela akanitazama mimi. "Elia, sema na huyu."

"Mimi nimebeba godoro tu. Unaliweka wapi?"

Ndani nikamsikia mkewe akicheka jikoni mpaka kifuniko kikaanguka.

Tukakaa. Tulikaa zaidi ya alivyotegemea. Bata waligeuza bustani yake ya maua kuwa Bondeni ndogo. Godoro likaanikwa juu ya ule uzio aliokuwa akiukata kwa mkasi. Alfajiri moshi wa vitumbua unamwamsha, na akija kulalamika anapewa viwili, analalamika mdomo umejaa. Lakini kilichommaliza ni adabu. Watu wa Bondeni walikuwa wanakuja kumjulia hali Bi Zaina, na huwezi kupita mbele ya mzee kwenye baraza lake bila kumwamkia. Shikamoo mzee, shikamoo babu, shikamoo baba. Na yeye mtu wa heshima lazima aitikie kila mmoja. Kuna asubuhi aliitikia marahaba mpaka uji ukaganda ngozi juu.

Siku moja maji yalipanda tena. Tulikuwa barazani wote watatu. Bi Zaina hakuwa amewahi kuuona mto akiwa ameketi kwenye kiti, mahali pakavu. Kutoka pale Bondeni yote inaonekana kama bakuli, tuta upande mmoja, mwinuko upande mwingine, na mitaro ya huku juu, mingine nimeikarabati kwa mikono yangu, yote imeelekezwa humo.

"Kumbe mnatuona hivi," Bi Zaina akasema.

Kapela alizima redio. "Tunawaona."

"Na mkituona mnafanyaje?"

"Tunasema maskini. Halafu tunaingia ndani kunywa chai."

Hakuna aliyetania tena jioni ile. Bata tu ndio waliendelea kusema.

Kwenye mkutano wa mtaa Kapela alisimama kabla hajaitwa, suruali yake ina mkunjo na alama ya mguu wa bata.

"Mimi naondoa pingamizi," akasema. "Wapeni hawa mbu kwao, baraza langu lirudi kuwa langu." Watu wakapiga vigelegele. Akangoja watulie, akaongeza kwa sauti ndogo, "Na ile mitaro ya juu itazamwe. Inawamwagia wao."

Msinielewe vibaya mkadhani mto umeshindwa. Uwanja ule ni mwembamba, viwanja vilivyotoka ni vichache, wakapewa waliobomokewa na wazee kwanza. Wengi bado wako Bondeni, na mitaro bado inatazamwa. Katika kutazama, nchi hii tuna macho mazuri. Mkija kunyoosha kidole kwamba wamejipeleka mtoni wenyewe, kumbukeni nani aliwashikia mlango wa chini na kuwafungia wa juu. Na nyinyi mafundi, mkiitwa kujengea mtu, mwulizeni maji ya nyumba hii yanakwenda kwa nani.

Bati za Bi Zaina ndizo hizo mlizosikia zikichekwa pale mwanzo. Tulizipandisha. Yule kijana niliyemshusha ndiye aliyeezeka nyumba mpya, na kazi yake nzuri, sikumwambia. Mimi nilishika timazi na mdomo. Alipopiga msumari wa kwanza, mkono wangu uliruka wenyewe chini kule, nikasikia sauti mbili kwa pamoja, yangu na ya Bi Zaina.

"Usimalize!"

Kijana akasimama, nyundo hewani. Tukatazamana mimi na mama huyu, wazee wawili tumesimama pakavu, tunaogopa msumari.

Kapela alikuwa amekuja na kiti chake, amekiweka barazani kwa Bi Zaina kabla baraza halijakauka, na jogoo wake amemfunga mguuni mwa kiti, kulipiza wale bata. Alikuwa ameshaomba chai mara kadhaa. Akanyanyuka, akapanda juu ya kiti, akamwambia kijana, "Lete hapa." Ukingo wa paa la barazani uko chini, anaufikia. Akashika msumari mmoja kwa vidole vyake vya kukatia tiketi.

"Huu naupiga mwenyewe," akasema, "ili msije mkarudi kwangu." Akapiga. Akapiga tena, akakosa, akapiga kidole, akatukana kwa Kinyamwezi, akapiga mpaka kichwa kikazama na bati likabonyea kama sahani.

Ni kazi mbaya kabisa. Mvua ya kwanza nilikwenda kukagua, na panavuja pale pale, tone moja moja. Nikachukua ngazi nikarekebishe. Bi Zaina akanizuia. Ameweka kikombe cha bati chini yake, maji yakijaa anawapa bata, na hataki mtu auguse ule msumari.